Mikono ya Mama Haitoshi: Namna ya Kuchagua Kiti cha Garini cha Mtoto Mchanga Kinachoelekea Nyuma

Siku mama anaporuhusiwa kutoka hospitalini na mtoto wake, mambo mengi huwa yamekwisha kuandaliwa nyumbani: khanga, beseni, chandarua na maji ya moto. Gari huletwa karibu na mlango wa wodi, mama akaingia kiti cha nyuma, akapakatishwa mtoto, na safari ikaanza. Ni desturi ya upendo, na hakuna anayeifanya kwa nia mbaya. Hata hivyo, katika safari hiyo ya kwanza, na katika nyingi zinazofuata, kila mtu garini huweza kufungwa mkanda isipokuwa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Wazazi wengi huamini kwamba hakuna mahali salama kwa mtoto mchanga kuliko mikononi mwa mama yake. Nyumbani ni kweli. Garini si kweli, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha sababu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mjini, likigonga kitu kizito na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo ndani yake husukumwa mbele kwa nguvu inayofikia mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 huwa mzito kama mzigo wa kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi. Mtoto wa siku chache mwenye kilo 4 huwa kama mtu mzima wa kilo 80. Hakuna mikono iwezayo kuzuia uzito huo, hata ikiwa ya mtu mwenye nguvu kiasi gani, na tukio lote humalizika kabla mama hajatambua kwamba gari limegonga.

Kumfunga mtoto pamoja na mama katika mkanda mmoja ni hatari vilevile, kwa kuwa mwili wa mama humbana mtoto dhidi ya mkanda. Njia inayofaa ni moja: mtoto awe na kiti chake, chenye mikanda yake, kilichofungwa kwenye gari, na katika miaka ya mwanzo kiti hicho kielekee nyuma. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba viti vya watoto vikitumiwa ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za magari kwa takriban asilimia 70. Lakini faida hiyo haipatikani kwa kununua kiti chochote. Hupatikana kwa kuchagua kiti kinachomfaa mtoto, kinacholingana na gari, ambacho historia yake inajulikana, na kukifunga vizuri katika kila safari. Makala hii inaeleza namna ya kufanya hivyo.

Kwa nini mtoto aelekee nyuma

Mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Kichwa chake ni takriban robo ya urefu wa mwili wake wote, ilhali cha mtu mzima ni takriban sehemu moja ya saba au ya nane. Shingo inayobeba kichwa hicho kizito bado ni laini. Mifupa ya uti wa mgongo haijakomaa, na mishipa inayoishikilia hunyumbulika kwa urahisi.

Katika ajali ya mbele, mtoto aliyeelekea mbele hushikwa kifua na mabega na mikanda, lakini kichwa chake huendelea kwenda. Shingo ndiyo inayobaki kukivuta. Mtoto aliyeelekea nyuma hali yake ni tofauti. Mwili wake husukumwa kuingia ndani ya kiti, na mgongo, shingo na kichwa hupokewa kwa pamoja na egemeo. Nguvu ileile ambayo ingevuta shingo peke yake hutawanywa juu ya sehemu pana ya mwili.

Fikra hii si ngeni. Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Bertil Aldman, alivutiwa na jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa katika viti vilivyofinyangwa kufuata migongo yao ili kupokea msukumo wa roketi. Aliona kwamba kanuni hiyo ingeweza kumlinda mtoto garini. Kiti cha kwanza cha majaribio cha mtoto kinachoelekea nyuma kilipimwa nchini mwake mwaka 1964, na tangu hapo Uswidi imejenga desturi ya kuwaacha watoto waelekee nyuma kwa miaka kadhaa, wala si miezi michache tu.

Aina tatu utakazokutana nazo dukani

Aina ya kwanza ni kiti cha mtoto mchanga chenye umbo la kikapu na mpini wa kubebea. Hiki huelekea nyuma tu. Kwa kawaida humfaa mtoto tangu kuzaliwa hadi kilo 13, ingawa kiwango halisi hutegemea lebo ya kiti chenyewe. Uzuri wake ni kwamba humkalia vizuri mtoto mdogo sana, na mtoto aliyelala huweza kutolewa garini pamoja na kiti. Ubaya wake ni kwamba hakidumu: watoto wengi hukipita kwa urefu au uzito wakiwa na umri wa mwaka mmoja hivi.

Aina ya pili ni kiti kinachobadilika, ambacho huelekea nyuma kwanza na baadaye huweza kuelekezwa mbele. Vingi hubeba mtoto aliyeelekea nyuma hadi kilo 18. Kwa familia yenye fedha za kununua kiti kimoja tu, aina hii mara nyingi ndiyo yenye faida zaidi, mradi iwe na kitulizo cha ndani cha kumshikilia mtoto mchanga na lebo iseme wazi kwamba yafaa tangu kuzaliwa.

Aina ya tatu ni kiti kinachozunguka juu ya kitako chake. Hurahisisha kumwingiza na kumtoa mtoto, jambo linalomsaidia bibi au mzazi mwenye maumivu ya mgongo. Lakini ni kizito, ni ghali, na vingi huhitaji gari lenye vishikizo maalumu. Kuzunguka kwake ni wepesi tu wa matumizi. Hakumwongezei mtoto usalama wakati wa ajali.

Jihadhari na vitu viwili vinavyofanana na viti vya garini lakini si viti vya garini. Kimoja ni kiti cha kubembelezea mtoto nyumbani, chenye umbo la kikapu na mikanda myembamba ya kitambaa. Kingine ni mto au mfuko wa kitambaa wenye mikanda, unaotangazwa mitandaoni kwa bei ndogo kuwa ni kiti chepesi cha kusafiria. Huo hauna gamba gumu wala egemeo la kupokea mgongo wa mtoto, na katika ajali huchanika au kumwachia mtoto.

Soma lebo kabla ya kuuliza bei

Kitambaa kizuri na jina lililoshonwa kwa nyuzi za dhahabu havisemi lolote kuhusu usalama. Lebo ya uthibitisho ndiyo inayosema. Katika masoko yetu utakutana hasa na mifumo miwili.

Mfumo wa kwanza ni wa Umoja wa Mataifa. Lebo yake mara nyingi ni ya rangi ya machungwa, imebandikwa ubavuni au nyuma ya gamba, na ina herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba. Namba hiyo huonyesha nchi iliyotoa uthibitisho: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Haionyeshi mahali kiti kilikotengenezwa. Muuzaji anayekuambia kwamba kiti chenye E1 lazima kiwe kimetoka kiwanda cha Ujerumani, ama hajui au anakupamba maneno.

Kwenye lebo hiyo tafuta pia jina la kanuni. R44 ni kanuni ya zamani, inayogawa viti kwa uzito wa mtoto. R129 ilianza kutumika mwaka 2013 na hugawa viti hasa kwa urefu wa mtoto katika sentimita. Kanuni hii mpya inataka kiti kipimwe pia kwa ajali ya ubavuni, na inataka mtoto asielekezwe mbele kabla ya kupita miezi 15. Ukiweza, chagua R129. Kiti cha R44 chenye namba 04 bado kinaweza kuwa kizuri kikiwa katika hali njema, lakini chenye namba ya uthibitisho inayoanza na 01 au 02 ni cha zamani mno. Ulaya ilikwisha kupiga marufuku matumizi yake. Usikinunue.

Mfumo wa pili ni wa Marekani. Viti vyake havina herufi E. Badala yake huwa na maandishi ya Kiingereza yanayotamka kwamba kiti kinatimiza viwango vya serikali kuu ya nchi hiyo, na namba 213 hutajwa kama jina la kiwango. Uzito huandikwa kwa ratili: ratili 35 ni takriban kilo 16, na ratili 40 ni takriban kilo 18. Muuzaji asikuchanganye akakusomea ratili kana kwamba ni kilo.

Kiti kisicho na lebo yoyote, au chenye lebo iliyobanduliwa, au chenye lebo ya karatasi inayotoka kwa ukucha, kiache dukani.

Kipime kiti kwa mtoto wako na kwa gari lako

Kiti bora kwa jirani huenda kisikufae wewe, kwa sababu mtoto wake na gari lake si wako. Nenda dukani ukiwa na gari na, ikiwezekana, mtoto. Mwombe muuzaji akuruhusu kujaribu kabla ya kulipa. Anayekataa kabisa amekupa sababu ya kwenda duka jingine.

Kwa upande wa mtoto, tazama mikanda ya mabega. Katika kiti kinachoelekea nyuma, mikanda inapaswa kutokea sawa na mabega au chini yake kidogo, si juu. Kama tundu la chini kabisa liko juu ya mabega ya mtoto mchanga, kiti hicho bado ni kikubwa kwake. Kichwa chote kiwe ndani ya gamba. Kikifika ukingo wa juu, hata kama uzito haujatimia, kiti kimekuwa kidogo.

Kwa upande wa gari, kuna mambo matatu ya kuchunguza.

La kwanza ni njia ya kufungia. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana vishikizo viitwavyo ISOFIX, ambavyo ni vyuma viwili vilivyojificha pale egemeo la kiti cha nyuma linapokutana na kikalio. Ingiza vidole mwanyani uvipapase. Kama gari lako halina, na magari mengi ya zamani hayana, chagua kiti kinachoweza kufungwa kwa mkanda wa gari. Kiti cha mkanda kilichofungwa vizuri humlinda mtoto. Kiti cha ISOFIX katika gari lisilo na vishikizo hivyo hakina kazi.

La pili ni urefu wa mkanda. Vikapu vya watoto wachanga hutumia mkanda mrefu, kwa kuwa kipande kimoja hupita juu ya kiti na kingine huzunguka nyuma ya gamba. Katika baadhi ya magari mkanda haufiki. Jambo hili haliwezi kujulikana kwa macho. Ni lazima ujaribu. Viti vingi vya aina hii huhitaji mkanda wa pointi tatu, yaani unaopita kiunoni na begani. Mkanda wa kiuno peke yake, ambao hupatikana katikati ya kiti cha nyuma cha magari ya zamani, hautoshi isipokuwa kijitabu cha kiti kiseme vinginevyo.

La tatu ni nafasi na sakafu. Kiti kinachoelekea nyuma huchukua nafasi kubwa nyuma ya dereva au abiria wa mbele. Hakikisha dereva bado anaweza kukaa ipasavyo nyuma ya usukani. Kama kiti kina mguu wa kutegemea, mguu huo ushuke hadi kwenye sakafu imara. Baadhi ya magari yana kisanduku cha kuwekea vitu chini ya sakafu, na kifuniko chake huweza kuvunjika wakati wa ajali.

Kiti cha mtumba

Kiti kipya ni ghali, na si aibu kutafuta cha bei nafuu. Katika maduka na minada ya mitumba ya Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, viti vya watoto hupangwa pamoja na baiskeli na magari ya kusukumia watoto, vikiwa vimefuliwa na kung'aa. Tatizo la mtumba wa kiti ni tofauti na tatizo la mtumba wa shati. Shati lililochakaa huonekana. Kiti kilichokwisha kupata ajali huweza kuonekana kizima kabisa, ilhali gamba lina ufa mdogo chini ya kitambaa au sponji ngumu ya ndani imebonyea na haitapokea tena pigo la pili.

Kwa hiyo swali la kwanza si bei bali historia. Kiti kilichotumiwa na dada yako, ambacho unajua kilinunuliwa lini na kwamba gari lao halijawahi kugonga, ni bora kuliko kiti kizuri zaidi ambacho hakuna ajuaye kilikotoka. Kwa kiti usichojua historia yake, ushauri wetu ni huu: usikinunue. Kama huna budi, basi angalau fanya ukaguzi ufuatao mbele ya muuzaji.

Vua kitambaa chote. Angalia gamba ndani na nje, hasa kwenye pembe na matundu ya mikanda. Ufa, alama nyeupe kama za plastiki iliyokunjwa, au sehemu iliyogundishwa, ni sababu ya kukikataa.

Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Huwa kwenye lebo, au imechongwa katika plastiki kama duara lenye mshale unaoelekea mwezi na mwaka ulioandikwa katikati. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa matumizi, kwa kawaida kati ya miaka 6 na 10. Joto na jua hudhoofisha plastiki na nyuzi, na kiti kilichoachwa garini juani kila siku huzeeka upesi.

Vuta mikanda yote. Isiwe imechanika, imefumuka wala kukakamaa. Mikanda iliyolowekwa kwenye dawa ya kung'arishia nguo huweza kupoteza nguvu bila kubadilika sura. Funga na ufungue kishikizo mara kadhaa. Kinapaswa kulia wazi kinapofunga na kutoachia kinapovutwa.

Hesabu vipande. Kitulizo cha mtoto mchanga, kitako cha kikapu, klipu na kijitabu cha maelekezo mara nyingi hupotea njiani. Vijitabu vingi hupatikana katika tovuti za watengenezaji kwa kuandika namba ya toleo iliyo kwenye lebo. Tumia namba hiyo pia kutazama kama toleo hilo liliwahi kuondolewa sokoni kwa sababu ya kasoro.

Na kama gari lako lenyewe limepata ajali likiwa na kiti ndani, usikirudishe kiti katika matumizi wala usimpe mtu mwingine kabla ya kusoma mtengenezaji anasema nini. Baada ya ajali kubwa au ya wastani, kiti hubadilishwa. Kabla ya kukitupa, kata mikanda yake, ili asije mwingine akakiokota na kukiuza.

Kukifunga kiti, kisha kumfunga mtoto

Mahali pa kiti ni nyuma. Usiweke kamwe kiti kinachoelekea nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, ule ambao mafundi huuita eabegi. Mfuko huo hufumuka kwa kasi kubwa kutoka kwenye dashibodi na kupiga egemeo la kiti, hapohapo kilipo kichwa cha mtoto. Pigo hilo huweza kuua hata katika ajali ndogo ambayo watu wazima wangetoka bila jeraha. Kama gari lina viti vya mbele tu, mfuko wa abiria lazima uzimwe kwa swichi yake na taa ya dashibodi ithibitishe kwamba umezimwa. Gari lisilo na swichi hiyo halifai kumbebea mtoto mchanga.

Soma kijitabu cha kiti na cha gari, vyote viwili. Katika viti vingi vya mfumo wa Umoja wa Mataifa, njia ya mkanda kwa mtoto anayeelekea nyuma huonyeshwa kwa rangi ya bluu, na ya anayeelekea mbele kwa rangi nyekundu. Pitisha mkanda kwenye bluu, kandamiza kiti kwa uzito wako, kisha ukaze. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kulia na kushoto. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5, yaani upana wa vidole viwili hivi vya mtu mzima.

Egemeo lilale kiasi kinachoruhusiwa na alama ya kiti. Likiwa wima mno, kichwa cha mtoto mchanga huanguka kifuani na kuziba njia ya hewa. Likilala mno, huwa haliwezi kumshikilia ipasavyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye tatizo la kupumua apimwe kwanza na daktari.

Sasa mfunge mtoto. Mikanda ipite sawa mabegani bila kujisokota, ikazwe mpaka usiweze kuifinya mkunjo kwa vidole juu ya bega. Kama kiti kina klipu ya kifuani, iwe sawa na kwapa. Usimfunge mtoto akiwa amevikwa koti nene au kuviringishwa blanketi, hata katika asubuhi za baridi za Njombe au Lushoto. Nguo hiyo hubonyea wakati wa ajali na kuacha mikanda ikiwa imelegea. Mfunge kwanza akiwa na nguo nyepesi, kisha umfunike blanketi juu ya mikanda.

Kwenye joto, gusa vyuma vya mikanda kabla ya kumkalisha mtoto, kwa kuwa vilivyopigwa na jua huunguza ngozi. Gari likiegeshwa, funika kiti kwa khanga nyeupe. Usimwache mtoto peke yake garini hata kwa dakika chache. Katika safari ndefu simameni mara kwa mara, mtoto atolewe anyooshe mwili. Na mkifika, mtoto ahamishiwe kitandani. Kiti cha garini si mahali pa kulala usiku.

Wakati wa kumgeuza

Wazazi wengi humgeuza mtoto aelekee mbele anapotimiza mwaka, kwa kuwa miguu yake imegusa egemeo la gari au kwa kuwa analia. Miguu iliyokunjwa haina madhara. Watoto hukaa hivyo hata mkekani. Shingo ndiyo ya kuogopewa. Jumuiya ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilifuta mwaka 2018 kigezo cha umri wa miaka miwili iliokuwa ikiutaja, na sasa inashauri mtoto aelekee nyuma kwa muda wote ambao kiti chake kinaruhusu kwa urefu na uzito. Usihesabu siku za kuzaliwa, bali soma lebo.

Kwa wasio na gari

Mzazi anayetumia teksi anaweza kubeba kikapu chepesi kinachofungwa kwa mkanda wa gari, na akiagiza usafiri aulize mapema kama mikanda ya nyuma inafanya kazi. Bajaji na daladala nyingi hazina mahali pa kukifunga. Pale ambapo kuna uchaguzi, hasa kwa safari ya kwanza kutoka hospitalini au safari ndefu ya mkoani, gari lenye mikanda linastahili gharama yake.

Haki yako unaponunua

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Dai risiti ya mashine, na uombe jina la kiti na namba ya toleo viandikwe humo. Piga picha lebo. Ukigundua kwamba lebo ni ya bandia au kiti kina kasoro iliyofichwa, rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, na kwa jambo la ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania. Malalamiko yako huenda yakamkinga mtoto wa mtu usiyemjua.

Kabla ya kuwasha gari, jiulize maswali manne. Je, kiti kinaelekea nyuma na kiko mbali na mfuko wa hewa? Je, hakisogei kinapotikiswa? Je, mikanda imekazwa mabegani? Je, mtoto bado yuko ndani ya vipimo vya lebo? Majibu yote yakiwa ndiyo, anza safari. Hata moja likiwa hapana, shuka ulirekebishe kwanza, hata kama mnakwenda dukani tu na kurudi.